Maziwa ya Kuonja

"Hapana, dada. Usiniambie kwamba kwa sababu yule mama hakudai hela, basi hataki kitu. Hakuna mtu anayetoka Dar es Salaam na gari mpaka huku kwenye baridi, kuja kugawa tu."

Dada yangu hakunitazama. Alikuwa amelishika lile kopo la maziwa ya unga kwa mikono miwili, kama vile amekabidhiwa na askofu, akilizungusha aone vizuri ile picha ya mtoto mnene.

"Wewe shule imekuharibu," akasema. "Ukipewa maji ya kunywa utauliza kisima kilichimbwa na nani."

"Ndiyo, nitauliza."

"Basi utakufa na kiu."

Mama mkwe wake alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Akacheka peke yake, halafu akasema bila kuinua kichwa, "Kiu haiui mtu siku moja."

Sikujua anamuunga mkono nani. Na kwa kuwa sikujua, jioni ile niliandika kwenye daftari langu kwamba huyu mama naye ni wa kuangaliwa. Daftari ninalo mpaka leo. Nikilisoma naona kwamba siku zile nilimwandika karibu kila mtu kuwa ni wa kuangaliwa, na mtu mmoja sikumwandika kabisa.

Nilikuwa nimekaa wiki mbili tu pale Iringa. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, nasubiri barua ya chuo cha ualimu, na mama yetu kule Mbeya alikuwa amechoka kuniona nimekaa na kitabu wakati wenzangu wanapalilia. Habari ilipofika kwamba dada amejifungua salama, akanifungia mkungu wa ndizi na kuku mmoja, akanipandisha kwenye lori la mizigo. Kwetu ndivyo inavyofanyika: mwanamke akijifungua, mdogo wake huenda kumpikia, kumchotea maji na kumbebea mtoto mpaka apate nguvu. Nilikaa juu ya magunia ya mpunga yaliyopakiwa Igawa mpaka miguu ikafa ganzi. Tulipopita Nyololo baridi ilinipiga mpaka kuku naye akanyamaza.

Dada alikuwa ameolewa chini ya mji, upande wa mtoni. Ukiinua macho unaona mabati ya Iringa yamepangana juu ya kilima. Shemeji yangu alikuwa karani bomani. Kila asubuhi aliisukuma baiskeli kupanda kilima, jioni aliteremka ameipanda, suruali ameibana kwa vibanio miguuni. Nyumba ya mbele ilikuwa yake. Nyuma, hatua kama kumi na tano, ilikuwepo nyumba ya mama yake, na huko ndiko dada alikolala na mtoto.

Sababu yake hata mimi niliijua. Mama anayenyonyesha halali na mumewe mpaka mtoto atembee. Akilala naye, maziwa yanaharibika, mtoto anakonda na kuharisha, miguu inakuwa ya panzi. Watu watasema amebemendwa, na aibu inawakaa baba na mama wote wawili. Hata kwetu Mbeya tunajua hivyo. Kilichonishangaza ni jinsi mama mkwe alivyoilinda desturi hiyo kwa mwili wake mwenyewe: mkeka wake aliutandika mlangoni, ndani kabisa ya kizingiti.

"Anayetaka kuingia aniruke mimi," aliniambia siku ya kwanza. Nilidhani anatania. Hakutania.

Sasa yule mama wa maziwa. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akasimamisha gari kwenye uwanja wa kanisa. Gari lilikuwa jeupe, limefungwa nyuma, limechorwa mtoto yuleyule mnene. Alivaa gauni jeupe, viatu vyeupe na kofia ndogo nyeupe, kwa hiyo kila mtu akamwita nesi. Mimi nilimuuliza alisomea hospitali gani. Akatabasamu. "Mimi ni mtumishi wa afya ya watoto, mdogo wangu," akasema, kwa Kiswahili cha pwani kilichoteleza vizuri mpaka wanawake wakaacha kusikiliza maneno, wakawa wanasikiliza sauti.

Nikaandika: hakujibu.

Halafu akafungua kitabu chake. Mtoto amezaliwa lini? Mnakaa wapi? Baba yake anafanya kazi gani? Mwanamke wa kwanza akasema mumewe ni dereva wa serikali. Akapewa kopo moja na chupa yenye chuchu ya mpira. Wa pili mume wake alikuwa na cherehani mjini. Kopo na chupa. Wa tatu alikuwa mama mmoja mwembamba, amebeba mapacha, mmoja mgongoni mmoja mbele, akasema mume wake analima. Huyo alipewa karatasi yenye picha ya mtoto mnene. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga na goti.

Nikaanza kufuatilia kila anayefika mbele. Wake wa watu wenye mshahara walipata makopo. Wake wa wakulima walipata picha. Kama ingekuwa ni huruma, wale mapacha ndio wangepewa kwanza. Hilo ndilo nililomwambia dada pale jikoni, na akanijibu kwamba labda makopo yalikuwa yanaisha.

"Hayakuwa yanaisha. Gari lilikuwa limejaa, niliona mwenyewe."

"Basi ungeingia garini ukae nayo."

Jioni shemeji aliteremka na baiskeli yake, akaliona kopo juu ya meza, akalinyanyua kama anapima uzito. Alifurahi kupita kiasi. Mimi na yeye tulikuwa na utani, kama ilivyo kwa mtu na mdogo wa mke wake, kwa hiyo nikamwambia wazi.

"Shemeji, mbona umefurahi kuliko mtoto?"

"Mke mdogo, umetumwa na mwalimu wako uje kunichunguza?"

"Nimetumwa na macho yangu."

"Basi yanunulie miwani." Akasoma maandishi ya Kiingereza ya kwenye kopo kwa sauti, polepole, ili mama yake asikie kwamba mwanawe anasoma. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na kopo, "Wazee walisema habari ya maziwa ya mama. Habari ya kopo hawakusema. Mtoto wa kopo habemendwi."

Mama yake akanyanyuka, akatoka kwenda kuwafungia kuku. Kuku walikuwa wameshafungiwa.

Hayo niliyaandika yote, lakini sikuyapa uzito. Niliona mawili tu: mama wa gauni jeupe anaficha jambo, na mama mkwe hapendi kitu chochote kinachotoka nje ya uwanja wake. Shemeji nilimwona mcheshi tu.

Baada ya wiki mbili, Jumapili, gari likarudi. Wanawake walinizunguka wakinishikisha makopo yao, kwa sababu walisikia mdogo wa mke wa karani anajua Kiingereza, nami nikaanza kuwasomea. Yule mama alikuwa anagawa makopo ya pili. Akasimama, akanisikiliza.

"Umesoma mpaka wapi, mdogo wangu?"

"Darasa la kumi."

"La kumi!" Akapiga makofi mara moja, akawageukia wanawake. "Mimi nahangaika peke yangu, kumbe mwalimu mnaye hapa hapa! Haya, mpisheni."

Akanisimamisha juu ya sanduku. Niliwasomea vijiko vinne vya unga kwa chupa moja, maji yachemke, chupa nayo ichemshwe kila mara kabla ya kutiwa maziwa. Wanawake walinitazama kama mchungaji. Mama mmoja wa makamo akasema, "Mwone, mdomo mdogo lakini unatoa Kizungu." Wakacheka, nami nikacheka. Sikuwahi kusimama mahali watu wakanyamaza kwa ajili yangu.

Wakati wa kuondoka yule mama alinishika mkono mpaka kwenye gari. "Kampuni inatafuta wasichana kama wewe," akasema. "Wasafi, wenye elimu. Ualimu ni kazi nzuri, lakini utakaa kijijini na chaki mpaka lini? Nikirudi Dar es Salaam nitakutaja. Gauni nitakupimia mwenyewe." Na pale pale akanipima mabega kwa shubiri, kutoka bega mpaka bega. Nikirudi nyumbani niliona mabega yangu yamekuwa mapana.

Siku ile niliandika mstari mmoja tu: *Huenda nilimhukumu haraka. Ana roho nzuri.* Tangu hapo sikumwandika tena kuwa ni wa kuangaliwa. Na mtu mmoja sikuwahi kumwandika hata mara moja: mimi mwenyewe.

Ulikuwa wakati wa palizi. Shamba la dada lilikuwa ng'ambo ya mto, mahindi na maharage, na nyasi zilikuwa zimeanza kuyashinda. Mwanzoni alikuwa anaenda na mtoto mgongoni, anapalilia mistari miwili, anakaa chini ya kivuli anamnyonyesha, anapalilia tena. Kazi haikwenda. Sasa kulikuwa na kopo. Akaanza kuondoka alfajiri peke yake na jembe lake, anarudi jua limeinama, mimi nabaki na mtoto na chupa.

Lazima niseme ukweli: nilipenda. Mtoto akinywa chupa alilala saa nyingi, si kama anaponyonya, usingizi kidogo na kilio tena. Alipolala nilisoma. Nilisoma kile kitabu kimoja cha shule nilichokuja nacho, nikakirudia. Nilifanya mazoezi ya kusema maneno ya yule mama kwa lafudhi ya pwani.

Mama mkwe alikuwa anapita mara kwa mara.

"Mwanangu, mpeleke mtoto shambani akanyonye."

"Ameshiba, mama."

"Ameshiba nini?"

"Maziwa."

"Ya nani?"

Nikainamia kitabu changu. Naye akasimama kidogo, akaenda zake. Kwenye daftari nikamwandikia ukurasa mzima. Niliandika kwamba anaogopa kopo kwa sababu mtoto akiacha ziwa, ule mkeka wa mlangoni hautakuwa na kazi, na mkwe atarudi kwa mumewe, na yeye atabaki na kuku zake. Niliona nimegundua siri kubwa. Niliandika kwa wino mwekundu.

Wiki ya tatu tangu kopo la kwanza, dada akahama. Jioni moja, baada ya kula, alikunja blanketi lake na nguo za mtoto, akavuka zile hatua kumi na tano kwenda nyumba ya mbele. Hakumwangalia mtu. Nilitegemea mama mkwe atajilaza kizingitini kama alivyoapa. Hakufanya hivyo. Aliukunja mkeka wake, akausimamisha ukutani, akaniuliza kama kuna chumvi.

Kopo la pili halikufika Jumapili ya gari. Dada alilitikisa asubuhi moja, akasikiliza, akaniambia, "Leo tia vijiko viwili."

"Imeandikwa vinne."

"Imeandikwa na mtu asiyejua Jumapili iko mbali. Tia viwili."

Nilitia viwili. Keshokutwa yake nikatia kimoja na nusu. Maji yalikuwa meupe kidogo tu, kama yaliyooshea mchele. Mtoto akanywa, akalia, akanywa, akalia. Kuni nazo zilikuwa zimelowa, kwa hiyo kuna mara ambazo chupa sikuichemsha, niliisuuza tu. Akaanza kuharisha. Siku ya nne nilimfungua nguo nimwogeshe, nikaona mbavu zake, na utosi umebonyea. Nikamwita dada, alikuwa ndiyo kwanza anarudi na matope miguuni. Akamtia ziwani hapo hapo, amesimama. Mtoto akavuta, akavuta, akaliachia, akapiga ukelele. Dada akajikamua kwa vidole. Likatoka tone moja. La upande wa pili halikutoka kitu.

Tulitazamana.

Jumapili ile nilikwenda uwanja wa kanisa mbio, sijasubiri hata ibada iishe. Gari lilikuwepo. Yule mama alikuwa anagawa makopo kwa wanawake wapya, wenye watoto wa juzi juzi. Wanawake wetu wa mwanzo walikuwa wamesimama pembeni na makopo matupu, na yeye aliwaambia kwa ile sauti yake kwamba sasa maziwa yapo dukani, mjini, kwa yule Mhindi wa karibu na soko. Kila mwisho wa mwezi waume zao wasisahau. Nikaelewa kwa nini aliuliza habari za mishahara. Nikaelewa kwa nini mwenye mapacha alipewa picha. Nilikuwa nimeelewa tangu siku ya kwanza, ndicho kilichoniuma.

Nikapenya mpaka mbele. "Mtoto wa dada yangu anaumwa. Nipe kopo moja."

"Mdogo wangu, umechelewa, mtoto wenu yuko kwenye orodha ya mwanzo. Haya ya bure ni ya kuonja."

"Kuonja? Mtoto ameonja, na ziwa la mama yake limekauka!"

Wanawake wakanyamaza tena kwa ajili yangu, lakini safari hii sikusikia raha. Yule mama akanivuta pembeni ya gari. Kwa karibu niliona kola ya gauni lake imeshonwa upya kwa mkono, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la barabara.

"Una watoto?" nikamuuliza.

"Wawili. Wako kwa mama yangu."

"Walikunywa nini?"

Nilitegemea atanidanganya. Akaangalia chini, akavuta mkono wa gauni. "Ziwa," akasema. "Kazi hii nilikuwa sijaipata." Kisha, taratibu, bila ukali: "Na wewe ulikuwa unaitaka, mdogo wangu. Usinitazame hivyo."

Akafungua mlango wa nyuma, akachukua kopo lililobonyea ubavuni, akanitia mkononi, akafunga. Sijui kama lile lilikuwa la huruma au la kuninyamazisha. Mpaka leo sijui. Nililichukua.

Nyumbani nilimkuta dada jikoni amekaa na mtoto mapajani. Shemeji alikuwa ametoka. Nikaweka kopo chini, nikaanza kusema yote kwa lugha ya kwetu, ili mama mkwe aliyekuwa nje asielewe: habari ya kuonja, habari ya dukani, jinsi tulivyodanganywa kama watoto. Dada aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

"Tulidanganywa nani?" akauliza.

"Sisi. Wewe."

"Mimi sikudanganywa." Alisema hivyo huku anamfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kanga. "Unadhani gari lile lilijuaje njia ya kanisa letu? Lilipita bomani kuomba ruhusa. Shemeji yako ndiye aliyewaandikia, ndiye aliyewaelekeza. Alikuja akaniambia siku tatu kabla. Aliniambia, mke wangu, dawa ya mkeka wa mama imepatikana."

Nikasema tu, "Na wewe ukakubali."

"Kuna mwanamke anapika chai nyuma ya boma. Anawapikia makarani. Shemeji yako alianza kurudi ameshiba. Mtoto kutembea ni mwaka na zaidi, wewe hujui, hujaolewa. Mwaka mzima mtu anarudi ameshiba." Akainamisha kichwa akilia. "Ukaja wewe na maswali yako, nani anataka nini, nani anaficha nini. Ulimuuliza kila mtu. Mimi mbona hukuniuliza?"

Ilikuwa kweli. Nilimuuliza mgeni alisomea wapi, lakini dada yangu, aliyelala nami kitanda kimoja miaka kumi na miwili, sikumuuliza anataka nini. Nilidhani najua. Nilidhani ni mtu wa kushangilia kopo.

Mama mkwe akaingia. Sijui alielewa kiasi gani. Kilio hakina lugha. Akamchukua mtoto, akambonyeza utosi kwa kidole, akanusa chupa, akaiweka mbali. Nilikuwa nimejaa hasira, na hasira ikatafuta pa kwenda.

"Na wewe, mama," nikamwambia, "wewe unataka nini? Kila mtu humu ana lake. Sema na wewe lako."

"Mdogo wangu!" dada akanikemea.

"Mwache aulize," akasema mama mkwe. Akakaa kwenye kigoda. "Nataka kitu, ndiyo. Nimezaa saba, watatu nimewazika hawajaota meno. Nataka huyu anizike mimi. Ndicho ninachotaka. Nimelala mlangoni kwa ajili hiyo. Kama mwanangu ana hasira, na awe nayo, hasira haiharishi."

Dada akacheka huku analia.

"Lakini ziwa limekauka," nikasema.

"Ziwa linarudi likinyonywa. Kutwa nzima, hata kama hamna kitu ndani, avute. Siku tano, sita, nyingine kumi. Mama yake anywe uji mwembamba wa ulezi, alale, asishike kitu chochote. Binti yangu mkubwa alikufa akiacha mtoto wa mwezi mmoja. Mimi nilikuwa nimeacha kunyonyesha zaidi ya mwaka. Nilimtia ziwani, watu wakanicheka. Likarudi."

Nilitaka kuamini, lakini nilikuwa nimeshaamini gauni jeupe, na sikutaka kuamini tena kwa sababu tu mtu amesema vizuri. "Yuko wapi huyo mtoto?"

"Ameolewa Nyololo. Ulipita mbele ya mlango wake ukiwa juu ya magunia." Akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Una haki ya kuuliza. Ukipita tena, shuka ukamuulize. Lakini mtoto huyu hawezi kukungoja uende Nyololo urudi."

Halafu akaliona kopo nililoleta. Nilidhani atalitupa nje. Akalinyanyua, akanipa. "Hili mpe sawasawa, vijiko vyote vinne, na chupa uichemshe, kuni nitatafuta mimi. Si kosa la unga. Mtoto asife kwa kiburi chetu. Kila anapomaliza, anarudi ziwani. Na ziwa likianza, unapunguza chupa."

Ndivyo alivyosema yule mama ambaye nilimwandika kwa wino mwekundu.

Dada akasema, "Nani atapalilia? Nyasi zimefika magotini. Tusipopalilia wiki hii hatuli mwaka huu." Nje jua lilikuwa linashuka nyuma ya kilima na kengele ya baiskeli ilisikika kwa mbali inateremka. Nilikuwa nimepanga kurudi Mbeya Alhamisi. Nilikuwa nimeshaongea na dereva wa lori, na moyoni nilikuwa nimeshaondoka. Mama yetu alikuwa ameandika kwamba barua ya chuo imefika.

Nilisonga ugali jioni ile. Shemeji alinitania mara mbili, sikumjibu, naye akaanza kuniangalia kwa wasiwasi. Dada alikaa kwenye nyumba ya nyuma, mtoto amemshikilia kifuani. Nilimsikia mtoto akivuta, akiacha, akivuta tena.

Kabla ya kulala niliamua. Asubuhi nitaamka kabla ya dada, nitachukua jembe lake nivuke mto, ili akiamka asilikute na asiwe na pa kwenda. Lakini kabla ya kuvuka nitagonga mlango wa nyumba ya mbele. Shemeji akitoka nitamwambia, bila utani hata kidogo, kwamba mke wake atalala nyumba ya nyuma mpaka mtoto atembee, kwamba mimi sipandi lori mpaka mstari wa mwisho wa mahindi uishe kupaliliwa, na kwamba chai ya nyuma ya boma aiache, kama anahitaji chai atainywa hapa nyumbani mbele ya mama yake kabla ya kupanda kilima, nitaipika mimi.